Tunaboresha magari ya deraya pamoja na kampuni: ushirikiano uishie wapi?

*Swali: "Mimi ni mhandisi. Nimeteuliwa hivi karibuni kuingia kwenye timu ya serikali itakayosimamia uboreshaji wa magari yetu ya deraya, ambayo yana zaidi ya miaka 30. Tutayabadilishia injini na giaboksi, tutaongeza kinga ya chini dhidi ya mabomu ya ardhini, na tutaweka redio na kamera mpya. Karakana ya jeshi itayavua magari, kampuni itayaunda upya. Kampuni imeshapatikana ila mkataba haujasainiwa. Bosi wangu anataka bei moja isiyobadilika na faini kali ya ucheleweshaji, kisha tusubiri magari. Kampuni inataka tukae ofisi moja tuwe 'timu moja'. Wenzangu wananionya kuwa anayekaa karibu na mkandarasi mwisho humezwa, na mkaguzi akija nitaulizwa mimi. Nishirikiane nao kwa kiasi gani, na nilinde nini?"*

Ndugu yangu, hofu zako zote mbili zina msingi. Unaogopa kumezwa na kampuni, na unaogopa kubaki peke yako siku mkaguzi atakapofungua faili. Ukizichimba utaona zinatoka mahali pamoja: ndani ya mradi huu, nani anajua nini, na nani anaamua nini? Kwa mpango wa bosi wako, kampuni itajua kila kitu na kuamua kila kitu, ninyi mtalipa. Kwa mpango wa kampuni, mtajua pamoja na kuamua pamoja. Mimi nakushauri hivi: taarifa zote ziwe za pamoja, hata zile zinazouma, lakini maamuzi ya serikali yabaki ya serikali, yakiwa na jina na sahihi ya mtu wa serikali. Kaeni ofisi moja. Hilo lenyewe halina ubaya.

Nianze na bosi wako, kwa sababu hajakosea kabisa. Bei isiyobadilika ni nzuri pale kinachotengenezwa kinapojulikana. Gari la kwanza likishajengwa, likajaribiwa na kufaulu, na kazi iliyobaki ikawa kutoa mengine yanayofanana nalo, bei moja inawafaa wote. Ninyi hamjafika hapo. Magari ya miaka 30 hayafanani hata kama yalitoka kiwandani siku moja. Moja limeishi karibu na bahari, chumvi imelila chini ya sakafu. Jingine lilipata ajali likachomelewa na fundi hodari ambaye hakuacha maandishi yoyote. Jingine limetobolewa matundu ya kufungia vifaa ambavyo leo hakuna anayevikumbuka. Nyufa kwenye maungio ya bodi hazionekani mpaka injini itolewe na rangi ikwanguliwe.

Ukiilazimisha kampuni itaje bei moja kwa kitu ambacho haijakiona, itapandisha bei ili hofu yake mlipie ninyi. Au itataja bei ya kupendeza na kujikinga kwenye kiambatisho, kwa sentensi fupi kama "bei hii inazingatia kwamba magari yataletwa yakiwa na bodi zisizo na nyufa". Gari la kwanza lenye ufa likifika, dai linaandikwa. La pili, dai jingine. Mzigo mliodhani mmeutua unawarudia, na safari hii hamna tena mshindani wa kumkimbilia.

Mwaka 2011 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliipa Lockheed Martin UK kazi ya kuboresha magari yake ya deraya ya Warrior, yaliyoingia jeshini miaka ya 1980. Kiini cha kazi kilikuwa mnara wa mzinga, uwekewe mzinga mpya wa milimita 40. Awali ilitarajiwa minara ya zamani ifanyiwe marekebisho. Baadaye ikalazimu kujengwa mipya. Machi 2021 mradi ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 400 zikiwa zimetumika, na hakuna gari hata moja lililoboreshwa lililokuwa limeingia kikosini. Naamini sehemu kubwa ya maumivu ya miradi ya aina hii huzaliwa siku ya kusaini, pale kila upande unapokuwa na picha yake kichwani kuhusu hali ya kitu cha zamani.

Kwa hiyo, kabla hamjasaini, fungueni magari machache mpaka ibaki bodi tupu, mbele ya mafundi wa pande zote mbili. Yachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka vikosini, kwa sababu makamanda wakiachiwa kuchagua watawaletea yale wanayojivunia. Pimeni unene wa bodi, pigeni picha kila ufa, andikeni kila kitu. Kutokana na mliyoyakuta, tengenezeni jedwali la bei: bodi nzima bei hii, bodi yenye kutu ya kiwango fulani bei ile, bodi isiyofaa irudishwe. Kila gari likiingia karakanani likaguliwe kwa pamoja na fomu moja isainiwe na wote. Hatua ya usanifu na magari ya majaribio ilipwe kwa gharama halisi zinazokaguliwa, zenye ukomo. Uzalishaji ndio uingie kwenye bei isiyobadilika, baada ya majaribio kufaulu. Hapo bosi wako atapata anachokitaka, ila kwa wakati wake.

Faini nayo ina tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka wamechelewa. Katika mpango wenu, serikali nayo ni msambazaji. Karakana yenu inatoa bodi zilizovuliwa, na huenda redio zitanunuliwa na ofisi nyingine kabisa. Kitu ambacho serikali imeahidi kukileta kikichelewa, mikataba mingi humpa mkandarasi haki ya kuongezewa muda, na mara nyingi fedha. Faini yenu kali inakuwa haina meno. Michoro nayo ni vilevile: kampuni ikiwaletea usanifu muupitie, nao ukalala wiki sita mezani kwa sababu mkurugenzi yuko safarini, ucheleweshaji huo ni wenu. Ahidini kwenye mkataba muda wa kujibu, kisha hakikisheni mna watu wa kutosha kuutimiza. Nimeona watu wakitumia nguvu nyingi kuandika adhabu za mkandarasi bila kuhesabu hata mara moja ni wahandisi wangapi wa serikali watahitajika kujibu barua zake.

Sasa nije kwenye sababu inayoufanya ushirikiano wa karibu uwe wa lazima. Uboreshaji wa gari la kivita mara nyingi huchukuliwa kuwa orodha ya vifaa: toa hiki, weka kile. Kumbe kila kitu kimeshikana na kingine. Mkiongeza kinga ya chini, uzito unapanda. Uzito ukipanda, springi na shokamzoba hulemewa, gari linakaa chini zaidi, na umbali kati ya ardhi na sakafu unapungua. Umbali huo wenyewe ni sehemu ya kinga dhidi ya mlipuko, kwa hiyo mnapoteza kipande cha kile mlichokinunua. Mtahitaji sasipensheni mpya, na breki zenye nguvu zaidi. Injini kubwa inatoa joto zaidi, rejeta inakuwa kubwa, feni yake inakula nguvu ya injini ileile, na hewa inahitaji njia ya kupita kwenye bodi ambayo mlitaka iwe imezibwa. Redio na kamera zinataka umeme, alteneta ya zamani haitoshi, na vifaa vyenyewe vinaongeza joto mahali askari wanapokaa.

Jeshi la Marekani lilikutana na jambo hili kwenye magari yake ya deraya ya Stryker. Mabomu ya kutegwa nchini Afghanistan yalidhihirisha udhaifu wa bodi yenye kitako bapa. Jeshi na General Dynamics Land Systems wakasanifu kitako chenye umbo la V pacha, kinachoisukuma nguvu ya mlipuko pembeni, na magari ya kwanza ya aina hiyo yakafika Afghanistan mwaka 2011. Ilikuwa kazi ya haraka na ya manufaa makubwa kwa askari. Lakini uzito uliongezeka, na mahitaji ya umeme yakazidi kukua. Ikabidi ije awamu nyingine: injini ya nguvu za farasi 450 badala ya 350, alteneta ya ampea 910, na sasipensheni imara zaidi. Kifaru cha Abrams kilianza na takriban tani 54 mwaka 1980; toleo lake la SEPv3 limepita tani 66, injini ikiwa bado ya nguvu za farasi 1,500. Septemba 2023 jeshi hilo likaachana na toleo la SEPv4 lililokuwa likiandaliwa na kuelekea usanifu wa M1E3, likieleza kwamba kifaru hicho hakiwezi tena kuongezewa uwezo bila kuongezewa uzito.

Hakuna mtu mmoja anayeweza kuona mlolongo huo wote. Mtaalamu wa redio yuko serikalini, wa upoozaji yuko kwenye kampuni, anayejua bodi inavyopinda ni fundi wa karakana. Wakiongea kwa barua za kimkataba pekee, redio itachaguliwa leo na tatizo la joto litagunduliwa baada ya miezi minane, gari la mfano likiwa limeshajengwa. Ndiyo maana mwaka 1995 Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati huo, William Perry, aliagiza miradi ya ununuzi wa silaha iendeshwe na timu za pamoja zinazochanganya fani zote. Kwenu, timu hiyo iwe na majedwali manne yanayoonekana na pande zote kila siku: uzito, umeme, joto na nafasi ndani ya gari. Anayetaka kuongeza kifaa aonyeshe kilo zake na ampea zake zinatoka wapi. Daftari la vihatarishi nalo liwe moja. Kampuni ikiwa na daftari lake la siri na ninyi la kwenu, ofisi moja haitawasaidia kitu.

Mpango wenu wa karakana ya jeshi kuvua magari naupenda, na ningekuomba uutetee bosi akitaka kuipa kampuni kila kitu. Marekani hufanya hivyo kwa vifaru vya Abrams: karakana ya jeshi ya Anniston, Alabama, imekuwa ikivivua na kukarabati sehemu zake, kisha vinaundwa upya Lima, Ohio, kwenye kiwanda cha serikali kinachoendeshwa na General Dynamics. Magari ya deraya ya Bradley nayo yamepita kwa utaratibu unaofanana kati ya karakana ya Red River huko Texas na kiwanda cha BAE Systems cha York, Pennsylvania. Sheria yao hata inaweka ukomo: si zaidi ya asilimia 50 ya fedha za matengenezo makubwa za kila jeshi ziende kwa wakandarasi. Faida siyo ajira tu. Serikali yenye mafundi wanaoshika spana inajua kazi fulani inachukua saa ngapi, kwa hiyo inajua inapodanganywa. Ukiiondoa karakana, baada ya miaka michache hakutakuwa na yeyote upande wenu wa kuisoma bei ya kampuni na kusema hapana kwa ujasiri.

Nilisema maamuzi ya serikali yabaki ya serikali. Nina maana ya mambo manne: gari lazima liweze nini, gari ni salama kwa askari au si salama, gari limefaulu au limefeli, na mabadiliko yanayogusa fedha au ratiba yakubaliwe au yakataliwe. Kampuni ishauri, ilete vipimo, ibishane hata kwa sauti. Isisaini. Na aliyesaini upande wa serikali asiwe yule anayepimwa utendaji wake kwa ratiba pekee, kwa sababu huyo atashawishika kupitisha.

Uzito wa jambo hili umeonekana kwenye gari la deraya la Ajax la Uingereza. Ni gari jipya, si uboreshaji, lakini somo ni lilelile. Mkataba wa mwaka 2014 na General Dynamics ulihusu magari 589 kwa bei iliyofungwa ya pauni bilioni 5.5, na ofisi ya ukaguzi ya taifa hilo baadaye ilieleza kwamba kila gari lilikuwa na mahitaji zaidi ya 1,200. Mwambie bosi wako: bei ilikuwa imefungwa, na bado mradi ulichelewa kwa miaka. Lililoniumiza zaidi ni askari. Waliokuwa wakiliendesha kwenye majaribio walilalamikia kelele na mtetemo. Majaribio yakasimamishwa Novemba 2020, yakarejeshwa, yakasimamishwa tena Juni 2021. Ripoti ya usalama ya Desemba 2021 ilionyesha kwamba usalama haukupewa uzito sawa na gharama na muda, na uchunguzi wa mwanasheria Clive Sheldon uliotolewa 2023 ulionyesha jinsi maonyo yalivyoshindwa kupanda ngazi. Taarifa zilikuwepo. Zilikosa njia ya kufika kwa mwenye mamlaka ya kusema simama.

Kwa hiyo waingizeni madereva na mafundi wa vikosi tangu mwanzo, siyo siku ya kukabidhiana. Dereva atakwambia kamera mpya inapoteza picha jua linapozama. Fundi atakwambia chujio la mafuta limewekwa mahali ambapo lazima utoe giaboksi kulifikia, jambo ambalo litawagharimu kila mwezi kwa miaka 20 ijayo. Na uwepo utaratibu wa askari yeyote kuripoti maumivu moja kwa moja kwa afisa usalama asiye chini ya msimamizi wa mradi.

Jambo jingine la kulinda, na hapa ushindani wowote uliobaki ndio nguvu yenu: michoro, data za kiufundi na programu za kompyuta za gari. Msiposaini sasa haki ya kuzitumia, kuzirekebisha na kumpa fundi mwingine azitumie, kila kipuri na kila marekebisho ya programu yatapita mlango mmoja kwa bei ya mwenye mlango. Kampuni ina haki ya kulinda ubunifu iliougharimia yenyewe, na ni uungwana kuiheshimu. Basi tenganisheni mapema: kipi kimelipiwa na mradi, kipi ni chao tangu zamani, na cha kwao mtakilipia kiasi gani mkikihitaji. Mazungumzo haya ni magumu wiki hii. Baada ya sahihi huwa magumu mara nyingi zaidi.

Kuhusu wenzako wanaosema utamezwa: ukaribu wa kikazi na ukaribu wa kibinafsi ni vitu viwili. Kula chakula cha mchana kila siku kwa gharama ya kampuni, safari za kulipiwa, ahadi ya ajira ukistaafu, hayo ndiyo yanayommeza mtu, naye huweza kumezwa hata akiwa ofisi ya mbali. Kila kikao kiwe na muhtasari. Kila uamuzi uandikwe siku hiyohiyo: nani aliamua, kwa ushahidi gani, nani alipinga. Mkaguzi mwenye akili hatakulaumu kwa uamuzi uliogeuka kuwa mbaya kama sababu zake za siku ile zimeandikwa. Na usimsubiri, mwalike mapema auone utaratibu wenu wa malipo, ambao uwe wa kulipa kwa ushahidi wa kazi, siyo kwa kupita kwa tarehe.

Nikuulize na swali ambalo hukuliuliza: je, magari haya yanafaa kuboreshwa? Australia ilisaini mkataba mwaka 2002 wa kuboresha magari yake ya deraya ya kubebea askari ya M113, 350 mwanzoni na baadaye 431, mengi yakikatwa bodi na kurefushwa. Urefushaji wenyewe ukawa moja ya vikwazo vya uzalishaji, na kazi ikaisha takriban miaka 10 baadaye. Wakaguzi wao wakaeleza kwamba kufikia hapo magari ya kisasa yalikuwa yameyaacha nyuma. Uboreshaji una maana pale bodi ina nafasi ya kubeba uzito zaidi, vipuri vipo, na kazi inaisha kabla tishio halijabadilika. Kama magari mtakayofungua yataonyesha bodi zimechoka, kuwa tayari kuwaambia wakubwa waboreshe machache kwa ajili ya kazi nyepesi na kuanza kutafuta mengine. Ni ujumbe mgumu kuupeleka, lakini sasa ni nafuu kuliko itakavyokuwa baada ya miaka mitano.

Yapo mambo yanayohitaji watu wa kukaa nao uso kwa uso. Mtafute mwanasheria mzoefu wa mikataba ya ulinzi asome viambatisho vyote kabla ya kusaini, hasa sehemu ya haki za data na ya vitu vinavyoletwa na serikali. Daktari wa afya kazini awapime usikivu madereva wa majaribio kabla hawajagusa gari, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Yeyote akilalamika masikio kuvuma au viungo kufa ganzi, simamisha majaribio siku hiyo na umpeleke. Kinga dhidi ya mlipuko msiikubali kwa hesabu za kompyuta za kampuni pekee: ipimwe kwa mlipuko halisi na maabara isiyo na maslahi. Ukishinikizwa kusaini kwamba umepokea gari ambalo hukulikagua, usisaini, na siku hiyohiyo nenda kwa ofisi ya sheria au chombo cha kupambana na rushwa ukiwa na kumbukumbu zako. Na vipimo vya kinga ya gari lenu au udhaifu wake usiniandikie mimi wala mtaalamu yeyote wa nje. Yajadili na wenye kibali tu, ndani ya chumba chenu.